Wimbo wa Kwetu

Nyumba Na. 114,
Szilkút.
14 Oktoba 2018

Mpendwa Baba mdogo Márton,

Pokea salamu kutoka nyumba ileile ulimozaliwa, ingawa paa sasa ni la bati na mti wa plamu wa nyuma ya zizi tulishaukata. Mimi ni Rebeka, binti wa kaka yako Ambrus. Ulipoondoka nilikuwa na miaka minane na mapengo mawili ya mbele, kwa hiyo sitaudhika ukikuna kichwa kwanza kabla ya kunikumbuka.

Hujambo huko Kanada? Siulizi kwa kufuata desturi ya barua, nauliza kwa sababu nahitaji jibu. Miguu inakubeba bado? Unakula, unalala? Huyu Etelka, binti wa shangazi Róza, ndiye aliyenipa anwani yako. Anasema kadi yako ya mwaka mpya ilifika na mwandiko haukutetemeka. Nimeishikilia habari hiyo mwezi mzima sasa, na mwisho wa barua hii utajua kwa nini.

Sisi tu wazima wa mwili. Mvua imechelewa, mahindi yameingia ghalani makavu, na mume wangu Lőrinc, ambaye hukuwahi kumwona, amenenepa mpaka mkanda unalalamika. Hayo ndiyo mazuri niliyonayo, na nimeyatanguliza kwa sababu ni machache.

Baba mdogo, kaka yako amefariki. Ilikuwa Jumapili ya tarehe tisa Septemba, asubuhi, kabla kengele ya kanisa haijalia mara ya pili. Mapafu yalikuwa yamemsumbua tangu Pasaka. Nilikuwa nimetoka kumletea maziwa ya moto, niliporudi alikuwa amegeuzia uso dirishani, nikadhani anatazama nani anaenda kanisani na nani anajifanya mgonjwa, maana ndiyo ilikuwa kazi yake kila Jumapili. Nilimsemesha mara mbili kabla sijaelewa. Nimelia mpaka Lőrinc akanificha vitunguu, akisema angalau jikoni nisiwe na kisingizio.

Najua mlikuwa hamsemezani. Miaka thelathini na miwili si mchezo. Alipokuwa hai, jina lako halikutajwa mezani, na likimponyoka mtu, mtu huyo alijifanya anakohoa. Sikuandikii ili nifukue ugomvi wenu. Naandika kwa sababu siku ya mazishi tulikukosea wewe, na pengine tulimkosea na yeye, na wa kunisaidia kulitengeneza umebaki wewe peke yako.

Kwanza nikueleze habari za bendi, vinginevyo hutaelewa.

Utamkumbuka Dániel, mpiga fidla wa upande wa kijitoni. Alipozeeka, ngoma ilikuwa inakufa. Harusi zote zilikuwa za vipaza sauti na mtu mmoja na kinanda chake. Ndipo miaka saba iliyopita akaja kijana wa mjini anaitwa Áron, na mashine ya kunasa sauti begani, akasema atakaa mwezi mmoja kukusanya nyimbo. Mwezi haujaisha mpaka leo. Alikaa miguuni pa Dániel kama kuku anayeatamia. Dániel alimwonea bila huruma. Alikuwa anamwambia, “Wewe mwanangu, mkono wa kulia umesoma chuo kikuu, wa kushoto hata chekechea haujafika.” Mwingine angefunga virago. Áron alicheka akaanza upya.

Tukawa watu wanne. Dániel na Áron kwenye fidla, Lőrinc kwenye besi, na mimi kwenye kontra. Ndiyo, mimi, mwanamke. Kontra, ile fidla ya nyuzi tatu ambayo haina wimbo wake, kazi yake kuitikia tu, na Lőrinc anasema ndiyo maana nilipewa mimi, nijifunze walau mahali pamoja kuitikia bila kubisha. Kila Jumamosi mchana tunafundisha watoto kucheza, ukumbi wa zamani wa kijiji. Wanakuja ishirini, wengine kutoka vijiji vya jirani. Wanajipiga makofi kwenye buti mpaka vumbi linatoka darini.

Baba alikuja pia. Alikaa benchi la ukutani, kofia magotini, anatazama. Hakucheza hata siku moja. Sisi tulidhani ni uzee. Wazee wenzake walijua si uzee, lakini hakuna aliyetuambia.

Wewe unaijua desturi, lakini niiandike ilivyo, nipate kueleza makosa yetu. Kwetu kila mwanamume mcheza ngoma ana wimbo wake. Akija mbele ya bendi, mpiga fidla anauacha alioushika na kuukamata wa mtu huyo, naye anaucheza peke yake mbele ya kijiji. Haupigwi mwenyewe asipokuja mbele. Akifa, unapigwa mara ya mwisho jeneza likiteremka, na baada ya hapo anaweza kuurithi mjukuu au ukabaki kuwa wa wote. Basi Áron alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba kuandika wimbo upi ni wa nani, ili wazee wakiondoka tujue cha kuwapigia.

Alipofika kwetu, baba alikuwa mgumu. Siku tatu alimlisha Áron ugali wa mahindi na jibini ya kondoo na kumwuliza bei ya petroli. Siku ya nne, bila kuombwa, aliweka kijiko chini akaimba. Aliimba mara tatu kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila Áron alipokosea kuufuata alimrudisha. Nilikuwepo, nikichambua maharage. Sikuwahi kumsikia akiimba hivyo. Sauti ilikuwa imechakaa lakini kila pindo la wimbo lilikuwa mahali pake.

Áron akamwuliza, “Huu ndio wako, mzee?”

Baba akajibu, “Ni wa kwetu.”

Sasa hapo ndipo tulipoangukia. Wewe mwenyewe unawajua watu wa Szilkút. Hakuna anayesema “wangu.” Mke ni mke wa kwetu, ng'ombe ni wa kwetu, hata jino likimuuma mtu ni jino la kwetu. Áron alikuwa ameishi hapa muda wa kutosha kuijua tabia hiyo, na mimi nimezaliwa nayo. Kwa hiyo mtu wa kwetu akisema “wa kwetu,” sikio langu linasikia “wangu” bila hata kufikiri. Áron akaandika kwenye daftari: wimbo wa Ambrus. Nami nikaendelea na maharage.

Mwezi wa Februari mwaka jana Dániel akapata kiharusi, akakaa wiki mbili bila kusema wala kusogeza mkono, kisha akatutoka. Tulimpigia wa kwake kwenye theluji, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Baba alisimama mwishoni kabisa mwa watu, akarudi nyumbani bila kula kabichi ya matanga. Nilidhani ni huzuni ya kumpoteza rafiki. Kumbe alikuwa amempoteza mtu wa mwisho aliyejua kuupiga wimbo wake, na alijua hivyo, akanyamaza.

Wiki ya mwisho ya uhai wake alinishika mkono, akaniambia, “Siku hiyo, mnipigie ule wa kwetu.” Nikamwambia sawa, baba, usiwaze. Akasema, “Usikosee.” Nikamwambia sitakosea.

Siku ya mazishi jua lilikuwa linawaka. Mchungaji alihubiri kwa kifupi kwa sababu alijua baba hakumpenda mtu wa maneno mengi. Tulisimama pembeni mwa kaburi, Áron mbele, mimi na Lőrinc nyuma yake. Kamba zikaanza kuteremka, Áron akaanza ule wimbo. Aliupiga vizuri, Baba mdogo. Sijamsikia akipiga vizuri kuliko siku ile. Mimi nilikuwa nafuata mkono wake, sioni kwa machozi.

Ndipo nikasikia fimbo inagonga ubao. Ni Bi Borbála, jirani yetu wa nyumba ya chini, yule aliyekuwa anakufukuza kwenye cheri zake. Ana miaka themanini na moja sasa na macho ni ya kubahatisha, lakini masikio ni ya paka. Akasema kwa sauti ambayo mpaka wachimba kaburi waliisikia, “Nyie, mnamzika nani?”

Áron hakusimama. Hujui utasimamaje jeneza likiwa katikati ya hewa.

Bi Borbála akaendelea, “Huo si wa Ambrus. Huo ni wa Márton. Márton yu hai, au mnajua jambo mnatuficha?”

Niliwatazama wazee. Walikuwa wameshavua kofia kwa ajili ya mazishi, na mmoja wao akairudisha kichwani, akageuka kando. Walikuwa wamejua tangu noti ya kwanza. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kusema isipokuwa yeye. Áron akamaliza wimbo kwa sababu kuukatiza katikati ingekuwa mbaya zaidi, halafu akashusha fidla, uso mweupe kama chokaa. Kamba zikavutwa juu zikiwa tupu. Mchungaji akasema amina kabla ya wakati wake.

Hivyo ndivyo tulivyokuzika, Baba mdogo. Wewe ukiwa Kanada, labda unakunywa kahawa. Nisamehe. Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara nne, na hakuna namna ya kuiandika ikawa nzuri.

Sikutaka uisikie kwa mwingine, na sikutaka uishi na mkosi ambao hukuutafuta. Kwa hiyo ujue pia kwamba tumekufufua. Bi Borbála alitoa amri palepale matangani, kikombe cha pombe kali ya plamu mkononi: wimbo wa aliye hai ukipigwa kaburini lazima upigwe tena harusini kabla mwezi haujaandama. Tukakupigia kwenye harusi ya mjukuu wa fundi viatu. Uwanja ukaachwa wazi kama desturi inavyotaka, na hakuna aliyethubutu kuingia. Mwishowe Bi Borbála mwenyewe akaingia na fimbo yake, akakuchezea wimbo wako mpaka mwisho, anagonga fimbo pale ambapo wewe ungejipiga buti. Alipokaa akasema, “Haya, amefufuka. Sasa na alipe.” Watu walicheka, nami nilitoka nje kulia nyuma ya banda.

Usiku wa mazishi sikujua kitu, lakini asubuhi yake nilikwenda kwa Bi Borbála na mkate, nikamwomba anieleze. Ndipo akaniambia yale ambayo mkaa kimya wetu hakuwahi kuyasema. Kwamba wewe na baba mlikuwa mnaingia uwanjani pamoja, yeye na wake kwanza, wewe na wako ukimfuata, na kijiji kilikuwa kinasimama juu ya mabenchi. Kwamba Jumapili ile ya mwaka themanini na sita baba alicheza wa kwake, akasogea pembeni kukupisha. Dániel akaukamata wimbo wako, uwanja ukabaki mtupu. Akaupiga tena mara ya pili. Baba alikuwa bado amenyoosha mkono kukukaribisha. Watu walidhani umechelewa, kumbe ulikuwa umeshavuka mpaka tangu Ijumaa.

Sikulaumu kwa kuondoka. Mimi ni mtu mzima sasa, najua miaka ile ya utawala wa kikomunisti ilivyokuwa, na najua ungemuaga polisi wangemsaga yeye. Hata hivyo walimhoji wiki mbili. Lakini nadhani si polisi waliomvunja. Nadhani ni ule mkono alionyoosha mbele ya kijiji kizima. Tangu siku hiyo hakwenda tena mbele ya bendi, na kwa kuwa hakwenda mbele, wimbo wake haukupigwa tena. Mimi binti yake wa kuzaa siujui. Nilikuwa mtoto, niliusikia kama mtoto anavyosikia, nimeusahau.

Tulimrudia Áron na mashine yake. Ni mtunzaji, hakufuta chochote. Tulisikiliza siku ile ya ugali yote, sio wimbo tu. Baada ya baba kusema “ni wa kwetu,” kijiko kinasikika, kisha anaongeza, polepole, “Mwenyewe hayupo wa kuuomba. Mimi nimeushika tu.” Tulikuwa wote chumbani, mimi, Áron, na maharage. Hakuna aliyesikia. Áron alikuwa tayari anaandika jina.

Halafu inasikika sauti ya Áron anauliza kama kuna mwingine, na baba anasema, “Huo mwingine upo kwa Dániel.”

Na kweli Áron alikwenda kwa Dániel, akidhani ni wimbo wa pili wa baba, na ananiapia kwamba alikwenda mara tatu. Dániel akamwambia, “Ambrus hajaja mbele. Nikiupiga bila yeye nitakuwa nimempora.” Áron akamsihi, akasema ni kwa ajili ya kunasa tu, hakuna atakayesikia. Dániel akasema, “Mimi nitasikia.” Heshima ile ilikuwa kubwa, na imetugharimu. Siwezi hata kumkasirikia mzee wa watu, maana alikuwa anamlindia baba kitu chake. Lakini majuto ni mjukuu, na mjukuu huyo sasa anakaa nyumbani kwangu na kula mezani kwangu.

Tangu mazishi sijui nilie lipi. Siku nyingine najiambia baba aliomba wako kwa makusudi, kwamba “ule wa kwetu” ulikuwa huo huo aliouimba, na alitaka mwishowe uingie uwanjani nyuma yake hata kama ni kwa fidla ya mtu mwingine. Nikiwaza hivyo moyo unatulia. Siku nyingine nawaza kwamba aliniomba wa kwake, kitu kimoja tu alichowahi kuniomba, akaniambia nisikosee, nami nikakosea. Lőrinc anasema najitesa bure. Ni rahisi kwake, hakuahidi yeye.

Kwa vyovyote vile, kaka yako amelala bila wimbo wake. Hilo haliwezi kubaki hivyo. Majira ya kuchipua, udongo ukishakaa, tutasimamisha nguzo ya kaburi. Imeshachongwa, ya mwaloni. Siku hiyo kijiji kitakuja tena, na bendi itasimama palepale. Nataka safari hii nisikosee.

Tumetafuta kila mahali. Áron ana nyimbo mia mbili na zaidi kwenye mashine yake, akatupigia moja baada ya nyingine kwa Bi Borbála, mchana mzima. Bi Borbála anasikiliza amefumba macho. “Huu wa mhunzi. Huu alikuwa nao yule mwizi wa kondoo, alicheza vizuri kuliko waliomkamata. Huu sio wa mtu, ni wa harusini. Huu unaubomoa, kijana, sijui hata ni wa nani.” Hakufika kwa Ambrus. Nikamwomba auimbe yeye basi, kama anaujua. Akafungua mdomo, akaufunga. Akasema akiusikia atautambua hata akiwa amekufa, lakini kuutoa hawezi, kila akijaribu unatoka wako. Mlikuwa mnafuatana mno, anasema, mmoja amemfunika mwingine.

Aliyebaki ni Mzee Samu, shemeji wa marehemu Dániel. Huyo ndiye aliyekuwa mpiga kontra wenu. Mikono inatetemeka, na amekuwa kiziwi wa sikio moja. Nilimpelekea kontra yangu wiki iliyopita. Nikamwuliza kama anaukumbuka wimbo wa Ambrus.

Akasema, “Wimbo siujui, mama. Wimbo ulikuwa kazi ya Dániel. Mimi nilikuwa natazama miguu.”

Nikataka kuaga. Akanyoosha mkono kwa ile kontra, akaiweka begani, na huo mkono ambao ulikuwa umeshindwa kushika kikombe cha chai ukatulia. Akaanza kuitikia. Peke yake, bila fidla, Baba mdogo, kutoka mwanzo hadi mwisho, akitazama sakafu tupu mbele yake kana kwamba kuna mtu. “Hapa anaingia,” ananiambia. “Hapa kisigino. Hapa anaruka, si juu sana, hakuwa mtu wa kujionyesha.” Siri ya mtungi aijuaye kata. Nilikaa kwenye kigoda chake nikimwona baba yangu akicheza kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto, na sakafuni hapakuwa na mtu.

Nikamwambia arudie, arudie tena. Nikakimbia kuwaita Áron na Lőrinc. Jioni hiyo Lőrinc alikuwa ameshaweka besi chini yake, na Áron akanasa yote. Áron amejaribu kuutafuta wimbo unaokaa juu ya mwitikio ule. Anasema nyimbo kumi na moja zinakaa, na hakuna kinachomwambia ni upi, na kubahatisha juu ya kaburi mara ya pili hataki. Amekonda, kijana wa watu. Anadhani kosa lote ni la kalamu yake.

Sasa ombi langu. Umebaki wewe. Ulisimama nyuma ya kaka yako kila Jumapili kwa miaka kumi na mitano ukisubiri zamu yako, na zamu yako ilikuwa inaanza wimbo wake ukiisha. Mtu hawezi kusubiri hivyo bila kuujua. Ndani ya bahasha kuna sidii. Nimeandika jina la Samu juu yake. Mwombe mjukuu akuwekee. Utasikia kontra na besi tu, na juu yao hakuna kitu. Nakuomba uimbe hapo juu. Sauti ikiwa imekwenda, piga mluzi. Mluzi ukishindikana, ugonge wimbo kwa vidole mezani, Áron atautafuta humo humo. Mnase kwa simu, kwa chochote, mtutumie.

Kama hutaki, sitakulaumu. Pengine una hasira zako ambazo mimi sizijui, maana nimesikia upande mmoja tu, tena kwa jirani. Pengine hukumbuki. Ikifika Pasaka sijapata neno, tutakwenda hivyo hivyo kwenye nguzo. Mimi nitapiga kontra, Lőrinc besi, na Áron atasimama mbele, fidla kwapani. Tumeshakubaliana. Heri aachiwe nafasi yake tupu kuliko tumjazie ya mtu mwingine.

Lőrinc anakusalimu, na anasema kitanda cha chumba cha mbele kina godoro jipya. Etelka anakusalimu na anataka picha yako, si kadi ya theluji. Bi Borbála anasema amekusamehe cheri, isipokuwa zile za mwaka sabini na tisa. Áron hakujui lakini amenisihi nikuombee radhi kwa niaba yake. Wasalimie wanao na wajukuu, ambao sijui majina yao, na nayataka.

Mungu akutunze huko uliko, akupe pumzi ya kutosha kwa wimbo mmoja, na nyingi baada ya huo. Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye bila kukujua vizuri,

Rebeka

Kwenye sidii, baada ya kisigino cha pili, utasikia kontra inakaa kimya kidogo. Si Samu amesahau, nami nilidhani hivyo. Nilimwuliza. Anasema hapo Ambrus alikuwa anachelewa kwa makusudi, anageuza kichwa kutazama kama umeshafika nyuma yake, ndipo anaendelea. Samu alimsubiri kila mara, na bado anamsubiri. Ukifika hapo, Baba mdogo, usiharakishe.